Nisome Kitabu Gani Ili Nijue Kuandika?

"Mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonesha hali halisi ya jamii." Kama ulisoma Kiswahili sekondari hapa Tanzania, sentensi hii umeiandika. Uliiandika kwenye mtihani wa majaribio, ukairudia kwenye mtihani wa taifa, na pengine riwaya yenyewe hukuwa umeimaliza. Baada yake inakuja fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kisha maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Mifano miwili miwili kila kipengele, hitimisho, kengele inalia, unakusanya karatasi.

Mimi nahariri miswada. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba Sinza, na naweza kukwambia kwamba ile sentensi haiishii shule. Watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, huniletea riwaya zilizoanzia kwenye dhamira. "Dada, nimeandika kuhusu rushwa." Mwingine kaandika kuhusu malezi. Nikiuliza ndani yumo nani na huyo mtu anataka nini, panakuwa kimya kidogo, halafu: "Kuna kijana hivi, anawakilisha vijana." Basi tunakaa, tunapitia kurasa chache pamoja, tunakubaliana kwamba kazi bado ipo, na hapo ndipo linapokuja lile swali ambalo nimekuwa nikilijibu vipande vipande kwenye simu: nisome kitabu gani ili nijue kuandika?

Vitabu vipo, tena vingi. Ila vinafundisha mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Kuna vinavyofundisha kazi ya kuandika, yaani kukaa kitini, kuvumilia ubaya wa rasimu ya kwanza, kufuta, kurudia, kukataliwa na kuendelea. Hivyo havijali unaandika kwa lugha gani. Mtu wa Maine kule Marekani na mtu wa Mbagala wote wana uvivu uleule. Halafu kuna vinavyofundisha sentensi, na vya namna hiyo vilivyoandikwa kwa Kiingereza vinaifundisha sentensi ya Kiingereza. Mtu akizichukua kanuni zake akazivalisha Kiswahili, anatoka na kurasa ambazo kosa la sarufi hulioni lakini kusomeka hazisomeki.

Nianze na kile ambacho bila kujua umeshakisoma nusu. Ile habari ya wahusika bapa na wahusika duara tuliyoikariri darasani inatoka kwa E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, kwenye mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1927 na kuchapwa mwaka huohuo kwa jina *Aspects of the Novel*. Ni kitabu chembamba chenye utani mwingi, na ukikisoma chenyewe unaona jinsi darasa lilivyokikausha. Sisi tuliambiwa bapa habadiliki, duara hubadilika, taja mifano. Forster kipimo chake kilikuwa kingine: je, huyu mtu anaweza kutushangaza, na akitushangaza tukamwamini? Asiyeshangaza ni bapa. Anayeshangaza kwa namna isiyoaminika ni bapa anayejifanya duara. Hicho ni kipimo ambacho mwandishi anaweza kukaa nacho mezani saa sita usiku, kikamsaidia. Tena hakumdharau bapa. Alisema wazi kwamba watu wa kwenye riwaya za Dickens karibu wote ni bapa na bado wanapumua.

Humo pia ndimo ulimo ule mfano wake maarufu. Mfalme alifariki, kisha malkia akafariki: hicho ni kisa. Mfalme alifariki, kisha malkia akafariki kwa majonzi: huo ni msuko. Waandishi wengi ninaowahariri wana vifo vya kutosha, kinachokosekana ni yale majonzi. Mtu anafukuzwa kazi ukurasa wa kumi, anapata ajali ukurasa wa kumi na mbili, anaokoka ukurasa wa kumi na tano, na hakuna tukio linalomsukuma mwenzake. Kama una nafasi ya kitabu kimoja tu cha Kiingereza, chukua hiki.

Cha pili ni cha Stephen King, *On Writing*, cha mwaka 2000. Usitishwe na jina lake la mtu wa vitabu vya kutisha. Nusu ya kitabu ni maisha yake. Anaeleza jinsi alivyokuwa mtoto akipigilia barua za kukataliwa kwenye msumari ukutani mpaka msumari ukashindwa na mzigo, akaweka mwingine mkubwa zaidi, akaendelea kuandika. Anaeleza jinsi mkewe, Tabitha, alivyoziokota kwenye pipa la taka kurasa za riwaya ambayo mwaka 1974 ilikuja kutoka kwa jina *Carrie*. Na anaeleza ajali ya Juni 1999, alipogongwa na gari akitembea kando ya barabara, kitabu hichohicho kikiwa hakijamalizika. Kurasa ambapo anarudi kukaa mezani akiwa na maumivu ya nyonga na mguu, mke akiwa amemtengenezea pembe ya kufanyia kazi, zinafaa kusomwa na kila anayesema hana muda.

Kuna fomula anayosema aliipata kwenye barua moja ya kukataliwa: rasimu ya pili ni rasimu ya kwanza ukiondoa asilimia kumi. Kwa miswada inayopita mikononi mwangu, asilimia kumi ni huruma. Kuna pia ile ya kuandika rasimu ya kwanza mlango umefungwa na kuirekebisha mlango ukiwa wazi. Hii nawasisitizia sana vijana, kwa sababu siku hizi mtu anaandika sura ya kwanza asubuhi, mchana ameshaitupia kwenye kundi la WhatsApp, jioni anaandika sura ya pili kwa kufuata maoni ya watu walioweka vikopa. (Kiwango chake mwenyewe cha maneno elfu mbili kwa siku msikihesabu sana. Yule hapandi gari la Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri.)

Anne Lamott, *Bird by Bird*, 1994. Nakala yangu niliipata kwenye vitabu vya kando ya njia pale Samora, muuzaji akiwa ameiweka pamoja na vijitabu vya ufugaji. Nikauliza bei. Akasema, "Elfu saba dada, lakini ukichukua na hiki cha kuku wa kienyeji nakupunguzia, viwili elfu kumi." Nilichukua vyote viwili. Kile cha kuku alikipata jirani yangu na ninavyojua kimemsaidia kuliko cha Lamott kinavyowasaidia wengi, kwa sababu yeye alifanya kilichoandikwa.

Jina la kitabu linatokana na kaka yake Lamott. Alikuwa na miaka kumi, kapewa na shule kazi ya kuandika ripoti ya ndege, kapewa na miezi mitatu ya kuifanya, na usiku wa kuamkia siku ya kukusanya bado yuko mezani, machozi yanamlengalenga, huku kazungukwa na vitabu. Baba yao, naye mwandishi, akakaa karibu yake, akamshika bega, akamwambia aende nao ndege mmoja baada ya mwingine. Humo mna pia sura ya kuruhusu rasimu ya kwanza iwe mbovu kabisa, na kwa hiyo sura moja tu kitabu kinastahili bei ya Samora. Sehemu nyingine ni soga za mtu anayependa kujizungumzia. Ziruke.

Hapo tumemaliza kazi ya kukaa kitini. Sasa sentensi.

King ana vita na vielezi. Anasema barabara ya kwenda motoni imesakafiwa kwa vielezi, na kwa Kiingereza naelewa anachopigana nacho. Kijana mmoja akaisoma, akaniletea hadithi aliyoifyeka. Kote alikokuwa ameandika giza totoro pamebaki giza. Mtoto aliyelala fofofo sasa amelala tu. Daladala iliyojaa pomoni imejaa. Watu walikaa kimya, bila ile *jii* iliyokuwa inakufanya usikie saa ya ukutani. Nikamuuliza kwa nini amezikata, akasema ni vielezi. Ni kweli, sarufi inaviita viigizi na inaviweka kwenye kundi la vielezi. Lakini hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ambayo mwandishi wa Kiingereza anatafutia tamathali nzima. *Pu*, na embe limeanguka. *Chubwi*, na mtu yuko majini. Kuviondoa kwa sababu King, mtu wa Maine, kasema ni kujikata ulimi.

Kinachostahili kufyekwa kwenye Kiswahili chetu ni kingine, na hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachokutajia. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliweka mwaka 1918 ile amri ya kuondoa maneno yasiyo na kazi, na mwanafunzi wake E. B. White akaifufua mwaka 1959 kwenye kijitabu *The Elements of Style*. Amri ni nzuri. Ila maneno yetu yasiyo na kazi yana sura yake. Ni "suala zima la". Ni "kwa namna moja ama nyingine". Ni "aliweza kufika" pale mtu alipofika tu bila kuzuiwa na yeyote. Ni "kuelekea kwenye" na "ambaye alikuwa". Ofisi na taarifa za habari zimetufundisha kwamba sentensi ndefu ina heshima, na heshima hiyo tunaibeba mpaka kwenye hadithi ya mapenzi.

Angalieni sentensi hii, ambayo nimeitunga kwa kukusanya maradhi ninayokutana nayo kila wiki:

*Asha, ambaye alikuwa amekasirika sana, aliweza kutembea kwa haraka kuelekea kwenye mlango ambao ulikuwa umefunguliwa na kisha akatoka nje kwa hasira.*

Hasira zimo mara mbili na bado huzioni. Mlango umeelezewa kuliko Asha. Sasa:

*Asha hakujibu. Alikwapua mkoba, huyoo, nje.*

"Huyoo" ile hutaipata kwenye mwongozo wowote uliotafsiriwa, lakini bibi yako anaitumia kila anaposimulia. Kitenzi "kukwapua" kimebeba haraka na hasira kwa pamoja, hakihitaji msaada. Halafu ile *ambaye*: kwa sehemu kubwa unaweza kuitupa na kuiacha lugha ifanye kazi yake, "mtu aliyekuja" badala ya "mtu ambaye alikuja". Fanya hivyo ukurasa mzima uone unavyopumua.

Kuna na jambo la *ka*. Simulizi yetu inaanza na *li* na kuendelea na *ka*: alitoka, akavuka barabara, akanunua vocha. Ni chombo kizuri ajabu, kinamfanya msomaji aelewe mfuatano bila "halafu" wala "baada ya hapo". Lakini kikiachiwa kinageuka ngoma ya mdundo mmoja. Akaamka, akanawa uso, akavaa, akatoka, akapanda gari, akashuka Magomeni. Msomaji naye akalala. Wasimuliaji wazuri wanaikata. Aliamka, akanawa uso. Kutoka nje, mvua. Magari nayo yapita yamejaa, makonda hawamtazami hata mtu. Alipokuja kushuka Magomeni, viatu vilishalowa chapachapa na saa mbili ilishapita. Humo mna *li*, *ka*, kitenzi-jina, *a* ya wakati uliopo, na *lisha*. Na hakuna aliyeona fundi akibadilisha vifaa. Ukitaka kuliona hili likifanywa na bingwa, soma *Kuli* ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, penseli mkononi, na kila aya ujiulize kwa nini kitenzi hiki kimevaa hivi na si vile. Hayo ndiyo mafunzo ya uandishi niliyopata mimi mwenyewe, na hayakuitwa hivyo.

Na maamkizi. Vitabu vingi vya Kiingereza vitakwambia uyakate kwenye mazungumzo ya wahusika, kwamba watu wakisalimiana hakuna kinachotokea. Labda kwao. Chukua duka la jumla Kariakoo. Mwenye duka ana miaka ishirini na kitu, mpagazi ni wa rika la baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bosi."

Mistari miwili, na tumeshajua nani ana pesa, nani ana umri, na kwamba mpaka leo wameelewana. Sasa kesho yake kijana anaingia na neno la kwanza ni, "Mzee, ule mzigo vipi?" Hakuna aliyemtukana mwenzake, lakini msomaji wa hapa ameshakunja uso. Na kama mzee ndiye atakayeanza, kwa sauti ya juu, mbele ya wateja, "Shikamoo, bosi!", basi hapo pamekuwa pabaya. Mimi huwaambia waandishi wasikate salamu hata moja kabla hawajajiuliza imefichwa nini ndani yake. Mama mkwe aliyejibu "marahaba" bila kuinua macho kwenye mchele anaochambua ametuambia mengi.

Mtu akiniuliza sasa elimu hii ya sentensi ya Kiswahili iko kwenye kitabu gani, namwambia aende kwenye lile shelfu analolipita akidhani ni la wanafunzi. Kwanza kabisa achukue kitabu cha mashairi, hata kama maisha yake yote hatatunga beti moja.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, na akafariki mwaka 1964. Kabla hajakabidhiwa sheria za nchi alishaandika sheria za mashairi: *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, mwaka 1954. Nakala yangu ni ya kutoa kopi, imefungwa kwa plastiki ya stesheneri, kurasa nyingine zimefifia. Humo utajifunza vina, mizani, ukwapi na utao (nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo), na msimamo wake kwamba shairi lisiloimbika si shairi.

Mwandishi wa riwaya atauliza mizani inamhusu nini. Jaribu basi kutunga mshororo mmoja wa mizani kumi na sita, nane huku na nane huku. Tuseme unataka kusema gari limejaa. *Daladala ya Temeke* ni nane, vizuri. Utao: *leo imejaa pomoni*. Hesabu kwa vidole, ni tisa. Ukiondoa *leo*, zinabaki saba. Mvivu atajaza: *tena imejaa sana*. Nane kamili, na maneno mawili kati ya matatu hayana kazi. Mwenye subira atahangaika kidogo mpaka aangukie *imeshajaa pomoni*. Daladala ya Temeke, imeshajaa pomoni. Ile *sha* iliyoletwa na njaa ya mizani imeleta na habari mpya: umechelewa, wenzako wameshawahi. Fanya zoezi hili kila asubuhi na baada ya muda utaanza kusikia neno la kujazia likipita kwenye nathari yako kabla hata hujaliandika.

Ukishamsoma Amri, msome na mpinzani. Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani kwa makusudi, na wanamapokeo wakawaka. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaja mwaka 1979 na *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, wakatetea kwamba vina na mizani ni aina mojawapo ya vazi la ushairi, na si uti wake. Angalieni majina ya vitabu hivi viwili, cha Amri na chao. Vyote vinaweka nadharia mbele na diwani ya wenyewe nyuma. Yaani anayekupa sheria anakupa na mashairi yake, umkague. Hiyo ni tabia nzuri ambayo ningependa irudi, hasa zama hizi ambapo mtu hajachapa hata hadithi moja lakini anauza kozi ya kuandika kitabu ndani ya mwezi mmoja. Kwa hoja, mimi niko na Mulokozi na Kahigi. Kwa mazoezi, niko na Sheikh.

Kwa nathari kuna *Kunga za Nathari ya Kiswahili* ya Said Ahmed Mohamed, 1995. Lugha yake ni ya darasani, usitegemee kucheka. Lakini kimeandikwa na mtu aliyeandika *Utengano*, na ukivisoma vyote viwili sambamba unamwona fundi akieleza chombo huku chombo chenyewe kiko mezani. Wa tamthiliya waanze na *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, 1976. Nao wote wawili ni watunzi.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote kwenye shelfu hilo hakikukusudiwa kumfunza mtu yeyote. Ni *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*, alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zikahaririwa na Mulokozi na kuchapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 2002. Sisi tumemzoea Shaaban Robert wa kwenye sanamu, mshairi mkuu, sauti ya hekima. Kwenye barua ni mtumishi wa serikali mwenye familia, mwenye shughuli za nyumbani, ambaye pamoja na hayo yote anaandika. Ukitaka kujua kazi ya uandishi inavyokaa ndani ya maisha ya mtu wa huku, bila kabini ya msituni wala ruzuku, soma humo. Kisha rudi kwenye *Kielezo cha Insha*, 1954, uone insha fupi zinavyofungwa. Hiki kilichapwa Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, jambo ambalo huwa linanifikirisha kila ninaposikia mwandishi akilalamika kwamba mchapishaji yuko mbali, Mikocheni.

Nimtaje na Mwalimu, kwa sababu moja tu. Nyerere alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963. Mwaka 1969 akaitoa upya, ameirekebisha, safari hii kwa jina *Juliasi Kaizari*. Huyu ni rais wa nchi changa, kati ya matoleo hayo mawili pana Muungano na Azimio la Arusha, na bado alipata muda wa kurudi kwenye mistari aliyokwisha kuichapa na kuona kwamba inaweza kuwa bora. Nikimwomba mtu aandike upya sura ya tatu naye akaniambia ana mambo mengi, huwa namtajia hiyo miaka miwili, nakaa kimya.

Kuhusu kuvipata: vya Kiingereza vinapatikana kwa bahati, Samora na kwenye meza za vitabu vya mitumba, au kwa kuagiza. Vya Kiswahili vilivyokwisha sokoni nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au panda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ambayo ndiyo ilirithi TUKI. Usitoke bila kuuliza machapisho ya semina ya kimataifa ya waandishi wa Kiswahili iliyofanyika Dar es Salaam mwaka 1978, TUKI iliyatoa mwaka 1983, mojawapo likihusu uandishi na uchapishaji. Mengi tunayobishania leo yalishabishaniwa humo, na kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Kitu kimoja hakipo kwenye shelfu lolote nililopekua. Tuna vitabu vya ushairi, vya nadharia, vya uhakiki na vya kufaulia mtihani. Sijakutana na cha fundi wa nathari anayekaa na sentensi ya Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa: *ka* inakatwa wapi, kiigizi kinakaa wapi, salamu inabeba nini, methali ikiingia kwenye mazungumzo inamfanya msemaji aonekane mzee au mjanja, Kiswahili cha mtaani kinaingizwa kiasi gani kabla hakijachakaa. Kama unao muswada wa namna hiyo kabatini, hata kama ni nusu, hata kama umeandikwa nyuma ya daftari la mahesabu ya duka, nitafute. Nitauhariri. Malipo tutaelewana.